Msanii mgeni anakuja kufundisha ufinyanzi siku tano: niende, au hela hiyo ninunue gurudumu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, nalifupisha: "Nafinyanga mwaka wa pili sasa, nimejifunza kwa video na kwa kujaribu jaribu tu. Kuna sehemu wanamleta msanii wa kauri kutoka Ulaya, atafundisha siku tano, gurudumu la kufinyangia, gleizi (ile ya kung'arisha chombo kama kioo) na raku (kuchoma alafu kutia kwenye moshi). Ada yake ni karibu hela yote niliyokuwa naweka ninunue gurudumu. Vyombo vyangu nachoma kwa kuni nyuma ya nyumba, na vingi vinalipuka motoni. Niende kwenye warsha au ninunue gurudumu?"

Dada yangu, gurudumu liache kwanza. Hilo halina mjadala, manake chombo kinacholipuka motoni kitalipuka tu hata kama kimetengenezwa kwenye gurudumu la bei gani, na wewe shida yako iko kwenye udongo na moto, haiko kwenye mikono. Warsha nenda, lakini ukiwa umeshauliza waandaaji maswali fulani nitakayokupa huko chini, na ukiwa umeshafanya kazi fulani nyumbani kabla mgeni hajafika. Ukienda hivi hivi utarudi na picha nzuri kwenye simu na vyombo vitaendelea kulipuka.

Tuanze na huko kulipuka kwasababu ndo kunakokula nguvu zako. Chombo kikilipuka mapema, moto haujakolea bado, kinatoa mlio na vipande vya duara duara vinaruka, hayo ni maji. Udongo unaonekana umekauka kwa nje lakini ndani ya kitako au pale penye unene zaidi bado una unyevu, joto likipita nyuzi 100 yale maji yanakuwa mvuke, mvuke unataka kutoka na hauna njia, basi unapasua ukuta. Watu wengi wanasema ni hewa iliyobaki kwenye udongo, ndo maana wanakanda mpaka mikono inauma, na kukanda ni kuzuri sana kwasababu nyingine lakini hewa peke yake kwenye udongo mkavu kabisa mara nyingi haina shida, mwenye shida ni maji. Weka chombo kwenye shavu lako, kikikupa ubaridi bado kina maji, usikichome. Alafu siku ya kuchoma usiwashe moto mkubwa moja kwa moja. Angalia wamama wafinyanzi wanavyofanya, wengi wanavipasha kwanza, wanaweka makaa au majani makavu yanayowaka ndani ya chungu au wanavipanga kando ya moto wanavigeuza geuza mpaka vinakuwa moto kabisa huwezi kushika kwa mkono mtupu, ndo wanapanga kuni juu. Hatua hiyo kwenye video huwa inakatwa kwasababu inachukua muda na haipendezi kuangalia, na ndiyo inayookoa chombo.

Kama chombo hakilipuki ila kinapata ufa mrefu mwembamba, na unauona baada ya kupoa, huo ni ugonjwa mwingine. Mchanga una madini yanaitwa kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 inatanuka ghafla, na ikipoa kupita hapo hapo inasinyaa ghafla, kwahiyo upepo ukipiga upande mmoja wa chombo wakati huo, upande mmoja unasinyaa mwingine bado, ufa unatokea. Dawa yake ni kuchoma siku isiyo na upepo au kuzungushia mabati na vigae vya zamani, na kuacha jivu juu mpaka vipoe vyenyewe, usifunue eti unachungulia. Na kama chombo kimetoka kizima alafu baada ya siku chache kinaanza kumeguka vidoa vidogo, ukiangalia ndani ya kidoa unakuta kapunje keupe, hiyo ni chokaa kwenye udongo, ilichomwa ikawa hai sasa inanyonya unyevu wa hewa inavimba. Huo udongo chekecha vizuri sana au utafute mahali pengine pa kuchimba.

Cha mwisho kwenye hili, changanya unga wa vigae. Vyombo vyako vilivyovunjika usitupe, twanga kwenye kinu, chekecha, changanya kwenye udongo mbichi, anza na sehemu moja ya vigae kwa sehemu tano za udongo uone, kama bado ongeza. Punje zile zimeshachomwa hazisinyai tena, zinafungua njia ya maji kutoka na zinauvumilisha udongo joto la ghafla. Wafinyanzi wa Afrika wamefanya hivi tangu enzi na enzi, wengine kwa vigae, wengine kwa mchanga, ni elimu kamili na usione aibu kuianzia hapo.

Haya, sasa mgeni. Mimi naamini sana kwenye kujifunza kwa kukaa na mtu anayefanya kazi mbele yako, na nitakueleza kwanini kwa mfano wa mtu wetu kabisa. Magdalene Odundo amezaliwa Nairobi mwaka 1950, sahivi ni mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimika zaidi duniani, Uingereza walimpa cheo cha Dame mwaka 2020. Alienda Uingereza mwaka 1971 akiwa anafanya mambo ya grafiki, akakutana na udongo chuoni, na kilichombadilisha ni safari ya Abuja, Nigeria (ule mji wa zamani ambao sasa unaitwa Suleja), mwaka 1974, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Pale alikuwepo mama anaitwa Ladi Kwali. Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake kijijini Kwali, kwa mkono, bila gurudumu, mitungi mikubwa ya maji yenye michoro ya mijusi na nge na mamba iliyochongwa kwenye udongo mbichi. Alijiunga na kituo mwaka 1954 na alikuwa mwanamke wa kwanza kujiunga pale. Odundo alikaa na Ladi Kwali na wanawake wenzake wa pale akajifunza kujenga chombo kwa mkono, na mpaka leo kazi zake anajenga kwa mkono, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anasugua mpaka udongo ung'ae wenyewe, gleizi hapaki.

Sasa ona mwendo wenyewe ulivyo. Ladi Kwali naye alikuwa msanii mgeni huko kwa wenzetu, alienda Uingereza kuonyesha kazi, na mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew na Kofi Athey wa Ghana, watu wa vyuo wakakaa wanamwangalia anavyozunguka chungu. Manake chungu kilikuwa hakizunguki, yeye ndo alikuwa anatembea kukizunguka chungu huku anavuta udongo juu, mwili wake ndo ulikuwa gurudumu. Kitu kama hicho hukipati kwa kusoma. Unaweza kuandikiwa kurasa kumi usielewe mguu unakaa wapi, na ukimwona dakika tano umeelewa. Leo yuko kwenye noti ya naira 20.

Na kwa upande mwingine, mwaka 1952 mfinyanzi Bernard Leach kutoka Uingereza na wenzake wa Japani, mfinyanzi Hamada Shoji na mwanafikra Yanagi, walifika Montana, Marekani, kwenye kituo kipya cha ufinyanzi cha Archie Bray kilichofunguliwa mwaka uliotangulia. Pale walikuwepo vijana wawili wafinyanzi, Peter Voulkos na Rudy Autio. Hamada alikuwa anafanya kazi taratibu, bila maneno mengi, wao wakawa wanamwangalia mikono. Voulkos baadaye hakubaki kuiga vya Hamada, alitengeneza mavitu makubwa yaliyochanwa chanwa na kubandikwa, na akabadilisha kabisa ufinyanzi wa Marekani. Hapo ndo pana somo lako dada, mgeni mzuri anakuachia namna ya kusimama mbele ya udongo, vikombe vyake anaondoka navyo na wewe unatafuta vya kwako.

Kwasababu ukweli ni huu, mikono inasafiri, udongo na moto havisafiri. Mgeni atakuja na mazoea ya udongo wa mfuko, umeshachujwa kiwandani, na tanuri la umeme au gesi ambalo anaweka namba linapanda lenyewe. Wewe una udongo wa kuchimba na kuni. Kwahiyo tuziangalie hizo siku tano kitu kimoja kimoja, nikwambie mi ningekuwa wewe ningetoa macho wapi.

Gurudumu: jifunze, lakini usijipe presha kwamba siku tano utajua. Ni wachache sana wanaojua kuweka udongo katikati ya gurudumu kwa siku tano, kwa wengi ni miezi. Ukiwa pale angalia viwiko vyake vimeegemea wapi, utakuta vimekazwa kwenye mapaja au mbavuni, nguvu inatoka mgongoni, kiganja kinabaki kimetulia. Angalia anaacha saa ngapi. Mwanafunzi anaendelea kugusa gusa mpaka ukuta unalegea unaanguka, fundi anagusa mara chache anaacha. Alafu muombe kitu kimoja ambacho watu hawaombi, amalize chombo alafu akikate katikati kwa waya kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, muuone ukuta ulivyo. Unene wa kitako, unene wa kona pale ukuta unapoanzia, mdomo. Ukishaona hiyo mara moja na wewe vyako vikate hivyo hivyo, vyote vya siku mbili za kwanza, usipeleke hata kimoja nyumbani. Najua inauma. Lakini utajifunza mara kumi zaidi kuliko kuvibeba.

Gleizi: hapa kuwa makini na hela yako. Gleizi ni kioo kinachoyeyuka juu ya chombo, na gleizi nyingi za wageni zinayeyuka nyuzi 1200 kwenda juu, ambapo moto wako wa kuni wa wazi unafika labda kati ya 600 na 900. Haitayeyuka, itabaki unga. Kwahiyo kama huna mpango wa tanuri karibuni, siku ya gleizi sikiliza, andika, elewa kanuni, lakini usinunue madawa. Kanuni yenyewe ukiielewa inakutosha maisha, kuna kitu cha kutengeneza kioo ambacho ni silika, kuna cha kuyeyusha, kuna cha kukamatisha isichuruzike ambacho kinatoka kwenye udongo mweupe. Udongo mweupe huo, kaolini, upo Pugu pale nje kidogo ya Dar. Feldispa, jiwe la kuyeyusha, inachimbwa Sultan Hamud upande wa Kenya, na Magadi tunaijua kwa magadi soda yake. Jivu la kuni nalo linayeyusha likifika joto kubwa. Siku ukija kuwa na tanuri utaanzia na vitu vya hapa kwa kupima kwenye vigae vidogo, kidogo kidogo, unaandika kila kimoja, usichukue resipe ya mgeni ukategemea itatoka vile vile na feldispa ya machimbo mengine, haitatoka.

Na tafadhali sana, mtu asikushauri uweke risasi, ile ya betri au ya namna yoyote, ili gleizi iyeyuke kwa moto mdogo. Inayeyuka kweli na inang'aa sana, na inaingia kwenye chakula, hasa chakula chenye ndimu au ukwaju au maziwa ya mgando. Ni sumu, watoto ndo inawaharibu zaidi. Hata kwa mapambo usiizoee.

Raku ndo itakayokufurahisha kuliko zote, moto, koleo, chombo chekundu kinatolewa nje karibu nyuzi 1000 kinatumbukizwa kwenye unga wa mbao, moshi, kila mtu anapiga picha. Asili yake ni Japani karne ya 16, vikombe vya chai, lakini hii ya kutumbukiza kwenye moshi ni ya Wamarekani, ilianza miaka ya 1960 na mfinyanzi Paul Soldner. Inafundisha kitu kikubwa kuhusu hewa na moto, kwamba ukiunyima moto hewa rangi inabadilika. Ila elewa kwamba chombo cha raku kinavuja na kina nyufa ndogo ndogo, ni cha kuweka mezani, usimuuzie mtu kwa chai. Cha kufanya wewe ni kuchukua ile kanuni ya kunyima hewa ukaipeleke kwenye vyombo vyako vya kuni. Chombo ulichokisugua vizuri kwa kokoto kabla hakijakauka, ukikichoma mara ya kwanza kwa hewa nyingi kinatoka chekundu, ukikichoma tena kimefunikwa ndani ya chombo kingine na vipande vya mbao, kinatoka cheusi kinachong'aa. Hivyo ndivyo Odundo anavyofanya na hana gleizi hata tone, na mama Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso kule New Mexico alipata umaarufu wa dunia nzima kwa vyombo vyeusi vilivyochomwa nje kwa moto wa wazi, wanafunikia mavi makavu ya wanyama yaliyosagwa moshi usitoke. Sasa wewe wa kuni nyuma ya nyumba uko karibu na hawa kuliko unavyofikiri. Kwangu mimi hapo ndo penye njia yako, kusugua na moshi, na kama mgeni huyo ana uzoefu nayo mbane akuonyeshe hata muda wa chakula.

Kabla hujalipa piga simu waulize waandaaji. Mko wangapi? Wakizidi kumi na magurudumu ni matatu, utakaa kwenye foleni. Naweza kuja na udongo wangu? Wakikataa kabisa uliza kwanini, kama ni kuogopa utalipuka kwenye tanuri lao ni haki yao, waombe basi upime kipande kidogo tu ndani ya bakuli. Tutachoma pamoja au mgeni ataondoka kabla tanuri halijafunguliwa? Hili ndo swali kubwa kuliko yote. Siku tano ni chache sana kwa chombo kufinyangwa, kukauka na kuchomwa, hasa kipindi cha mvua na baridi ya Moshi mwezi wa saba, na warsha nyingi zinaisha vyombo bado vibichi, mgeni anapanda ndege, vinachomwa na mtu mwingine, vikipasuka hakuna wa kuwaeleza kwanini. Waandaaji wazuri wanakuwa na vyombo vilivyoandaliwa mapema ili kuchoma na kufungua kufanyike mgeni akiwepo. Kama hawana mpango huo, mi ningeomba ada ipungue au ningesubiri nyingine.

Wewe kajiandae hivi. Chukua udongo wako, tengeneza vipande bapa, kwenye kila kipande chora mstari wa sentimita 10. Kikikauka pima, ukikichoma pima tena. Mstari ukiwa sentimita 9 udongo wako unasinyaa asilimia 10, na hiyo namba mgeni ataielewa hata kama hamuelewani lugha. Nenda na vipande vyenyewe, kimoja bila vigae, kimoja na vigae kidogo, kimoja na vingi, na nenda na vipande vya vyombo vilivyolipuka, hivyo ndo muhimu zaidi. Fundi akishika kigae kilichovunjika akaangalia rangi ya katikati anaona mengi, katikati pakiwa peusi na nje pekundu moto wako ulikuwa wa haraka, haukupata hewa na muda wa kutosha. Swali lako liwe moja, hilo la moto wako, ulirudie kila siku ukihitaji. Video omba ruhusa kwanza, na hata akikubali usikae nyuma ya simu siku nzima. Na vumbi, jamani vumbi. Meza na sakafu futa kwa kitambaa kibichi au sponji, usifagie udongo mkavu, lile vumbi lina silika na mapafu hayalitoi tena.

Sasa kuna mwalimu mwingine yuko karibu na wewe kuliko huyo wa Ulaya, na nashangaa hukumtaja. Upare ni pale tu. Wachaga kwa miaka mingi vyungu vyao walikuwa wananunua kwa Wapare, sokoni, na bado wapo kina mama wanaofinyanga huko milimani. Ukiwa na nauli zaidi kuna wanawake wa Kikisi kule Ziwa Nyasa, vyungu vyao ni vyembamba ajabu kwa kitu cha mkono, wanauza soko la Lyulilo karibu na Matema. Odundo alikuwa ameshaingia chuo Uingereza, na alipanda ndege mpaka Nigeria kukaa na mama aliyefundishwa na shangazi yake kijijini. Wewe ni basi tu. Nenda kabla ya warsha, nenda kwa heshima, usiende na simu mkononi ukaanza kurekodi, salimia, omba ukae, saidia kuchota maji na kukanda udongo, wanaukanda mpaka unakuwa laini kama unga wa chapati na ukikanda nao utajua kwa vidole kiwango ambacho huwezi kuambiwa. Na lipa. Mgeni tunamlipa ada kubwa bila kuuliza alafu mama tunataka atufundishe bure kwasababu ni mama, hiyo si haki, siku yake ya kazi ni hela. Jitahidi uwepo siku wanachoma, uone wanavipasha kwa muda gani, kuni za namna gani, na wanafanya nini chungu kikitoka motoni, manake sehemu nyingi Afrika wanakimwagia maji ya magome yaliyochemshwa chungu kikiwa bado cha moto ili kisivuje, na kila mahali wana mti wao. Waulize wao wanatumia upi.

Ukitoka huko, ukaenda kwa mgeni na vipande vyako, uchome mara kadhaa kwa utaratibu huo wa kupasha na vigae. Vyombo vikianza kutoka vizima mara kwa mara, ndo urudi kwenye hesabu ya gurudumu, na hapo usinunue la dukani kabla hujamuona fundi chuma anaweza kukuundia la kupiga kwa mguu kwa kiasi gani. Nitumie picha za vile vilivyolipuka, pande zote mbili, na uniambie vililipuka baada ya muda gani tangu uwashe moto.